Mapipa Matatu ya Anti Adong

Maji ya kisima chetu cha Luzira yalinuka misumari iliyolowa. Hata leo nikipita karibu na duka la vyuma baada ya mvua, pua hunirudisha pale uani kwetu, kwenye mteremko unaoshuka hadi kwenye mafunjo ya ziwa, nami ni msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye jerikeni mkononi na uongo mdomoni. Baba alikichimba kisima kile miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, wakati mabomba ya mji yalikuwa yanakohoa hewa siku nne na kutoa maji siku ya tano. Sisi tulikuwa Wakenya, watu wa Bungoma, tuliofuata kazi ya baba ya ukarani pale bandarini Port Bell. Mama naye hakuwa mtu wa kukaa bure, alifua na kupiga pasi nguo za watu. Shuka za nyumba za wageni, kanzu za wanakwaya, vitambaa vya meza vya harusi, kila kilichokuwa cheupe kilipita mikononi mwake. Sasa hebu fikiria mtu anayekula kwa nguo nyeupe kujaliwa kisima chenye kutu. Maji yalipanda na ndoo yakiwa maangavu kabisa, unaona hadi chini, lakini ukiyaacha kwenye beseni mpaka kesho yake unayakuta mekundu, na juu yametanda utando unaong'aa. Shuka ya kwanza aliyoifua nayo mama iligeuka rangi ya ndizi mbivu. Aliitazama, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akasema kwa Kibukusu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Aliyetuokoa ni Anti Adong. Alikuja siku moja kuomba kazi ya kufua, mwanamke mrefu wa Kiacholi, mkimya, mwenye gauni moja la kuvaa na jingine la kubadilisha. Mumewe alikuwa mwanajeshi wa jeshi lililoshindwa, fundi wa maji kambini, na tangu wenzake walipokimbilia kaskazini hakuna aliyejua kama yu hai. Wengine walimwambia mumewe amefungwa. Kwa hiyo kila Alhamisi Anti Adong alijifunga kitambaa kichwani, akapanda hadi kwenye geti la gereza la Luzira kuuliza kama jina la mumewe limeonekana, na kila Alhamisi jioni alirudi, akavua viatu, akashika kazi. Siku ile ya kwanza mama alimwambia kazi hakuna, maji yenyewe ndiyo hayo anayoyaona. Anti Adong akachota kwa kiganja, akanusa, akaonja, akatema pembeni. "Mama, maji hii iko na chuma," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Lakini chuma inatoka. Mzee wangu alikuwa natoa." Mama akamwambia basi aitoe, tuone. Alichoomba kwanza hakikuwa mshahara. Aliomba chumba kidogo cha nyuma tulichowekea kuni, apate pa kulala.

Alitumia mapipa matatu, akayapanga juu ya mawe kwa kufuata mteremko, kila moja juu kidogo ya lifuatalo. Juu ya pipa la kwanza alining'iniza debe alilolitoboa matundu kwa msumari, na kila alasiri tulimimina maji ya kisima humo, jerikeni baada ya jerikeni, yakadondoka kama manyunyu. Alisema maji lazima yaone upepo kwanza, kwa sababu chuma kikishaona upepo hakiwezi kujificha tena. Yakalala usiku kucha, na asubuhi tope jekundu lilikuwa limetuama chini. Hapo tulichota kwa kata, taratibu, kutoka juu, bila kulitibua tope, tukayatia kwenye pipa la pili lenye kokoto, makaa yaliyopondwa na mchanga wa ziwani. Yalipenya humo kwa mwendo wake yenyewe hadi pipa la tatu, na maji ya pipa la tatu yangeweza kufua kanzu ya askofu. Kila Jumatano alikwangua mchanga wa juu, ulioshika utando mwekundu, akauosha mara tatu, akaurudisha. Nilimwuliza kwa nini mara tatu, si mbili. Akanijibu kwamba mara ya kwanza unaosha uchafu wa mchanga, ya pili unaosha uchafu wa mikono yako, ya tatu unaosha uvivu. Nikacheka. Mimi nilikuwa mvivu wa kutupwa, na alijua.

Kabla ya maji kugusa nguo yoyote, yalipimwa. Anti Adong aliweka chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari, kwenye chupa dirishani. Alimimina kidogo kwenye bakuli jeupe la bati, akaongeza maji ya pipa la tatu. Chai ikibaki na wekundu wake, fua. Ikigeuka nyeusi ya wino, chuma bado kimo, subiri. Macho hayakutosha kuyapima, ndiyo sababu. Maji mabaya ya kisima chetu, yakichotwa tu, yalipendeza kuliko hata yale mazuri. Alinifundisha hivyo mara nyingi, akinishika bega. "Nyara," alikuwa ananiita, yaani binti yangu kwa Kiacholi, "maji ya kisima ni mgeni. Siku ya kwanza mgeni hana tabia mbaya. Ngoja alale." Nilimpenda, niseme wazi. Mama alikuwa na mkono mwepesi wa kofi na midomo iliyochoka, lakini Anti Adong alinipa kazi kama mtu mzima. Alasiri ya kumimina maji kwenye debe ilikuwa zamu yangu, na aliniamini nayo.

Mteja mkubwa wa mama alikuwa mama mmoja wa Kiganda tuliyemwita Nalongo, kwa kuwa alizaa pacha. Alikodisha viti, mahema na vitambaa vya meza kwa sherehe, na mji ule, ukitoka kwenye vita, ulikuwa na njaa ya harusi. Ukimpata Nalongo, umewapata na rafiki zake wote. Ukimkosa, hivyo hivyo. Wiki moja alileta vitambaa vyeupe ishirini na vinne, na cha ishirini na tano kilikuwa kimefungwa peke yake kwenye karatasi, kitambaa cha meza ya wazazi, ambacho marehemu mama yake alikifuma kwa mkono. Binti yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anamtambulisha mchumba nyumbani Jumamosi ile. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Kazi ikapangwa: Jumatano maji yaandaliwe, Alhamisi vitambaa vifuliwe, Ijumaa pasi. Nami nikaambiwa Jumatano alasiri nisithubutu kutoka uani mpaka jerikeni kumi na sita zipite kwenye debe.

Jumatano ile iliingia meli ya kubeba mabehewa ya treni kutoka Kisumu. Baba alikuwa ameniahidi kwamba siku moja ataniingiza ndani nione mashine, na watoto wa jirani walipita wakipiga kelele kuwa imeshaonekana. Anti Adong alikuwa ameinama kwenye karai anaosha mchanga wake kwa mara ya tatu, mgongo ameugeuzia njia. Nilimimina jerikeni mbili, kisha nikagonga debe kwa jerikeni tupu nikihesabu kwa sauti hadi kumi na sita ili asikie, nikaondoka. Bandarini baba alikuwa na kazi nyingi, hakuniona hata. Nilirudi magharibi na miguu yenye vumbi, nikasema nimemaliza. Akaniamini, akaniwekea ndizi ya kuchoma.

Alhamisi asubuhi mama alikwenda soko la Nakivubo kununua sabuni na makaa, Anti Adong akapanda kwenye geti lake la gereza. Vitambaa vilikuwa vimeshafuliwa mkono wa kwanza kwa maji yaliyobaki ya juzi. Mimi, shule zikiwa zimefungwa, niliachiwa kazi hii: kuyachota maji ya pipa la kwanza hadi la pili, kujaza beseni kubwa kutoka pipa la tatu, kupima, kutia dawa ya kung'arisha, kuviloweka. Nikayachota yaliyokuwepo, na yalipopenya nikafunua pipa la tatu. Lilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Mtu mwingine angekaa kimya, akangoja, akakubali kofi lake jioni. Mimi nilikwenda kisimani. Nikachota ndoo ya kwanza, nikaiangalia juani, ikang'aa. Nikapima, maana mazoea yana nguvu, na chai kwenye bakuli ikageuka nyeusi tititi mbele ya macho yangu. Kisha nikaimwaga kwenye migomba, nikajiambia kwamba pengine ile chai ni ya zamani. Nimewahi kusoma vitabu vizito kuhusu dhamiri, lakini sijui kitabu kinachonieleza kuliko lile bakuli nililolimwaga.

Nikajaza beseni, nikaloweka vitambaa vyote, na kile cha kufuma juu. Nikatia dawa. Maji yakaanza kubadilika, manjano, kisha rangi ya udongo, nami, nisikudanganye, nilifurahi kidogo, nikidhani ni uchafu unaotoka. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba dawa ile hukitoa chuma majini papo hapo na kukikaza kwenye uzi. Nilipoinua kitambaa cha kwanza, kilikuwa na mabaka mekundu, kama kimetumika kufutia panga lililolala nje. Na hapo ndipo nilipofanya lile jambo hasa. Kuharibu vitambaa ulikuwa utoto. Lakini nilichota ndoo tano nyingine za kisima nikazimimina kwenye pipa la tatu, ili aliyekuja kutazama akute maji yenye kutu humo, aone kosa ni la mapipa.

Mama alipofika alikiinua kitambaa kimoja kwenye beseni, akakirudisha. Aliniuliza nimechota wapi. Nikasema pipa la tatu, kama nilivyoambiwa. Je, nilipima? Nilipima, chai ikawa nyekundu. Akafunua pipa, akatazama, akachovya kidole. Jioni maji yale yalikuwa yameshaanza kugeuka. Anti Adong aliporudi, viatu mkononi, mama alimwonyesha beseni na pipa, akamwuliza kama Jumatano aliosha mchanga sawasawa. Nilimwona anavyofikiri. Nilitaka akasirike, aseme mtoto huyu mwongo, anibane mpaka niseme. Badala yake alipiga magoti mbele ya pipa la pili, akachota mchanga, akauchekecha kati ya vidole. "Niliosha, mama," alisema. Akachota mwingine. "Nafikiri niliosha." Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu siku ile ilikuwa ndefu kwa sababu mtu mwaminifu aliibeba kwa upande wa pili, bila kujua.

Ijumaa, tangu jua lilipotoka, alitandaza vitambaa vyote kwenye majani na kuanza kuvisugua kwa ndimu na chumvi. Hiyo ndiyo dawa ya kutu, ndimu, chumvi na jua kali, na unyevu usikauke. Mimi nilikuwa nakata ndimu. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya mchanga, na kila ndimu ilipomchoma alivuta pumzi kwa meno, akaendelea. Tulikaa hivyo saa nyingi, sisi wawili, bega kwa bega. Sijui ni mara ngapi nilifungua mdomo. Mara moja nilisema, "Anti." Akaniangalia kwa upole, akasema, "Usiogope, nyara, si kosa yako." Nikachukua ndimu nyingine. Vitambaa ishirini na vinne vilirudi vyeupe, au karibu na vyeupe. Kile cha kufuma, uzi wake mnene ulikuwa umekunywa kutu hadi ndani, na kadiri alivyosugua ndivyo nyuzi zilivyoanza kukatika.

Nalongo alikuja jioni ile na mtu wa kubeba mizigo. Alikifungua kitambaa cha mama yake, akakinyoosha hewani, na uso wake ukashuka. "Bannange, Mama Nekesa," alisema polepole, yaani jamani kwa Kiganda, akimwita mama kwa jina langu, "kitambala ya mama wangu." Alitazama huku na huku, macho yakamkuta Anti Adong amesimama karibu na mapipa, mikono imemvimba. Aliuliza huyo ni nani, katoka wapi, na mama, masikini, akajibu. Nalongo hakuwa mtu mbaya. Wanawe wawili walikufa vitani, na kwake kila jina la kaskazini lilikuwa na bunduki nyuma yake. "Hawa watu bado iko na vita kwa roho," akasema. "Hii amefanya kusudi. Kama yeye anabaki hapa, mimi sileti tena hata kitambala moja, na wengine mimi nawaambia." Mama alijua si kusudi. Lakini sisi wenyewe tulikuwa wageni, wakati ambapo Mkenya naye alitazamwa kwa jicho la pembeni, na karo yetu ilitoka kwenye beseni lile. Usiku ule nilimsikia akimwambia baba, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilikuwa nimelala upande wa pili wa pazia, ndani ya nguo alizonishonea yeye.

Anti Adong aliondoka Jumapili baada ya kanisa, na sufuria yake, godoro lake lililokunjwa, na mahali pa kwenda hapakuwepo. Alisema tu atajaribu upande wa mjini. Mumewe akitoka geti lile, sasa angemtafuta wapi? Swali hilo sikuliuliza siku ile, limekuja baadaye na halijaondoka. Kabla ya kwenda aliniita kwenye mapipa. Akakwangua mchanga, akanionyesha tena, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanifanya nirudie mbele yake hadi maji ya karai yalipotoka safi. "Mama asipate taabu tena," alisema. Nilirudia. Nikamaliza. Alinigusa kichwani akaenda, na mama alikuwa ndani, hakutoka kumuaga. Tangu siku ile niliyaangalia mapipa yale mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni, na sikuruka Jumatano hata moja. Majirani walinisifu kwa mama kuwa nina bidii. Kila sifa nililazimika kuimeza.

Miaka ikapita, nikaingia chuo kikuu. Wandegeya, jirani na chuo, ndiko tulikokula sisi wanafunzi, kwenye vibanda vya bati nyuma ya maduka ya kupiga chapa, na mchana mmoja nilikuwa nimeinamia sahani ya maharage niliposikia mtu anasema, "Nyara." Alikuwa amekonda, na mvi mbele, amevaa aproni ya mpishi. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Aliniuliza mama hajambo, baba je, akaniongezea nyama bila kuulizwa, akakataa kabisa nilipe. Mumewe hakuonekana, alisema, ameshaacha kwenda getini. Kisha akaketi mbele yangu, akaanza kukunja pindo la aproni, akaniambia jambo lililomkaa moyoni miaka yote ile. Jumatano ya vitambaa, alisema, akili yake ilikuwa kwenye geti, kwa sababu mtu alimwambia orodha mpya itasomwa kesho yake. Mchanga pengine aliuosha mara mbili tu. Amejaribu kukumbuka ile ya tatu, hakumbuki. "Kitambaa ya yule mama, mimi ndiyo niliua," alisema. "Naomba Mungu kila siku. Mwambie mama yako anisamehe." Nami, mtu mzima, msomi, mwenye kalamu mfukoni, nilikuwa nimepewa nafasi ya pili ambayo wengi hawapewi. Nikamwambia, "Yameshapita, anti. Tulishakusamehe zamani." Macho yake yakajaa machozi. Akanishukuru.

Sikulala wiki nzima. Nilirudi baada ya siku tisa, nimejipanga, nimeyaandika hata maneno, nikakuta kibanda kile kina mpishi mwingine. Akaniambia Adong amepata lori linalokwenda kwao, kaka yake anaumwa. Kaskazini wakati ule kulikuwa bado kunawaka moto wa vita, na mimi, kwa uoga ninaoufahamu vizuri, nikajiambia nitamtafuta amani ikirudi. Amani ilirudi. Mama alifariki akiamini kwamba alimfukuza mtu mzembe, na hilo nalo ni langu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anajua yalipomwagikia.

Siku hizi nakaa nje kidogo ya mji, na kisima changu kimechimbwa kwa mashine. Kina chuma vilevile, udongo wetu haujabadilika. Fundi alikuja na mtungi mrefu wa bluu, akaufunga ukutani kwa asubuhi moja, na sasa maji yanatoka bombani yamesafika, hakuna anayengoja yalale, hakuna anayeinama kwenye karai. Binti yangu hufungua bomba akanywa akakimbilia mambo yake. Sisemi zamani ilikuwa bora. Mgongo wa Anti Adong haukuwa bora. Nasema tu kwamba maji yangu leo hayamtegemei mtu yeyote kuwa mwaminifu, na labda ni heri. Nimetuma watu kaskazini, Kitgum na Gulu, kuuliza, mara mbili nimekwenda mwenyewe. Wapo akina Adong wengi, si yeye. Nimeandika haya kwa lugha tuliyozungumza pamoja, ingawa hakuwahi kufundishwa kusoma, kwa hiyo yatawafikia watu wengi kabla ya kumfikia yeye. Kama unamjua mama mmoja wa Kiacholi, mrefu, aliyewahi kukaa Luzira kwa watu wa Bungoma, usimpe salamu zangu. Mwambie tu kwamba Jumatano ile aliuosha mchanga mara tatu. Mimi nilikuwepo, nilimwona.